Bibi Taa Amehamia Sebuleni

Nyumbani,
4 Machi 1988

Kaka Bisibisi,

Salamu nimezitanguliza kama adabu inavyotaka. Mimi mzima. Mama naye mzima, kwa maana anakula akiwekewa na analala akizimiwa taa.

Nakuandikia kwa sababu ya Bibi Taa. Mwenye nyumba anataka mgahawa wa baba uwe mtupu kabla mwezi haujaisha, amepata mtu wa kufungua duka la viatu. Viti nimegawa, sufuria nimegawa, friji wenyewe wa soda wamekuja kulichukua. Imebaki jukiboksi ya santuri peke yake, huyo Bibi Taa wetu, ukutani, imefunikwa kitambaa cha meza. Kila nikifungua mlango nashtuka, naona kama kuna mtu kasimama ananingoja. Nilishapatana na muuza vyuma chakavu aje aibebe. Mama, ambaye tangu mazishi ya baba hajatamka neno refu kuliko "ehe", akanyanyua kichwa akasema, "Iletwe hapa. Nataka niusikie ule wimbo wa baba yenu mara moja, halafu basi." Akarudi kwenye "ehe" zake.

Shida ni kwamba haiimbi. Ilinyamaza mwaka jana, baba akiwa hana tena nguvu ya kuifungua. Wewe ndiye uliyekuwa ukiifungua naye tangu una kimo cha stuli. Mimi kazi yangu ilikuwa kupangusa kioo na kupiga domo, ndiyo maana wewe ukaitwa Bisibisi na mimi nikaitwa Kasuku. Basi niambie inabebwaje na inafufuliwaje. Ningepiga simu, lakini kukupigia wewe simu nimeshakoma. "Nzuri, nzuri, haya, kazi njema," halafu tuu-tuu-tuu.

Usidhani nina uchungu. Sina. Hata siku ya mazishi sikulia, watu wakawa wananitazama kwa pembeni. Unajua pale kazini kwangu Daktari wa meno akishamdunga mtu ganzi, yule mtu hujigusa shavu na kushangaa, anaona kama kashika shavu la jirani. Ndivyo nilivyo mimi. Naamka, nachemsha vifaa vya Daktari, namwita mgonjwa anayefuata, narudi nyumbani, na shavu ni la jirani.

Mama anauliza kila siku kama utakuja. Mimi siulizi.

Kasuku

*

Kiwandani,
13 Machi 1988

Mdogo wangu Kasuku,

Barua imefika na vumbi lake. Huku kwenye kokoto hakuna kinachofika kisafi, hata bahasha.

Kwanza, huyo wa vyuma chakavu mfukuze. Pili, Bibi Taa habebwi kama kabati, maana utumbo wake wote unaning'inia. Toa santuri zote, zipange kwenye sanduku kwa mpangilio uleule, zisimame, zisilale. Kisha funua kifuniko. Utaona mtambo umekaa juu ya springi kama mtu aliyekaa kitandani. Pembeni kuna skrubu nne ndefu zenye vichwa vyekundu. Zikaze mpaka mtambo ukamatane na fremu, la sivyo njia nzima utakuwa umebeba kengele. Ule wekundu ni rangi ya kucha ya Mama. Baba aliichukua bila kuomba ili asizisahau skrubu zenyewe, wakanuniana wiki nzima.

Vioo vya mbele vinatoka, vifunge kwenye mashuka. Asilazwe chali, hata jirani yetu Seremala akikuapia kwamba amebeba makabati ya maharusi wote wa mtaa. Mweke wima kwenye mkokoteni, godoro nyuma na godoro mbele, na mtu wa kumshika kila upande. Akifika mlegezee skrubu, umwache apumzike siku nzima kabla ya kumpa umeme.

Kuja, sijui. Kazi imebana. Na usipige simu ofisini, ni mbovu na karani hapendi. Andika tu, mimi nitajibu.

Kuna jambo linanizunguka kichwani. Baba aliugua lini? Mimi nilipata telegramu tu kwamba ameshazikwa. Hakuna aliyeniambia kuwa ni mgonjwa. Mngeniambia.

Kaka yako

*

Nyumbani,
24 Machi 1988

Kaka,

Swali lako la mwisho nimelisoma nikaikunja barua. Sijui unafanya mzaha au kokoto zimekuingia moyoni. Nitakujibu nikipata hasira. Kwa sasa sina, nimetafuta.

Bibi Taa amehama. Seremala, jirani yetu yuleyule wa penseli sikioni, alikuja na mkokoteni na mashemeji zake wawili. Alipofunua kitambaa akapiga mluzi. "Shemeji zangu, hii mashine au kanisa?" Nikamwambia abebe aache maneno. Akasema kusikia Kasuku anamkataza mtu maneno ni ishara ya mwisho wa dunia.

Njiani watu wa mtaa walisimama. Wengine walivua kofia, nadhani ni mazoea tu, wakiona kitu kirefu kimefunikwa mashuka. Magodoro yalikuwa la Mama na la kwangu.

Tulipofika nyumbani Bibi Taa hakupita mlangoni. Seremala akapima kwa kamba, akapima tena, akasema, "Mlango mwembamba, mgeni mnene." Akaung'oa mlango na fremu yake. Kwa muda sebule yetu ilikuwa wazi mpaka barabarani, na Mama amekaa kwenye kochi katikati, kama mtu anayeuzwa. Bibi Taa akaingia. Amekaa pale lilipokuwa kabati la vyombo, vyombo viko kitandani kwangu. Mlango umerudi lakini sasa unakwaruza.

Nilipokuwa nalegeza skrubu, Mama alisogea akaziona. Akakigusa kichwa kimoja kwa kidole. "Mwizi yule," akasema. Nikadhani atacheka. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Nilimwacha Bibi Taa apumzike, kesho yake nikamchomeka. Taa zote zikawaka, nyekundu na njano, sebule ikawa kama harusini. Lakini sahani haizunguki, na ndani anavuma, mmmm, mfululizo, kama mtoto aliyekataa chakula. Nikampiga goti ubavuni pale baba alipokuwa akimpiga. Goti limeniuma mpaka leo. Yeye anavuma. Huo mvumo ni wa nini?

Kasuku

*

Kiwandani,
2 Aprili 1988

Kasuku,

Chomoa! Kama bado amechomekwa, iache barua hii mezani uende ukachomoe.

Umerudi? Haya. Nyuma, chini kabisa, kuna kisanduku cha chuma chenye taa za kioo kama vichupa vya dawa ya macho. Hizo ndizo zinazokuza sauti. Mchomeke kidogo, simama mbali, tazama. Ipi inawaka rangi ya chungwa? Ipi iko giza? Kuna inayowaka bluu? Mchomoe tena, na usitie mkono humo mpaka siku ya pili. Bibi Taa huficha umeme hata akiwa amechomolewa, tabia yake mbaya. Siku ya pili tazama vile vikopo vidogo kando ya taa, kama kuna kilichovimba tumbo. Kilichovimba ndicho kapasita mbovu. Mpelekee fundi redio yeyote, akilehemu kipya.

Sahani huzungushwa na gurudumu dogo la mpira lililo chini yake. Mpira ukikaa bila kazi hugeuka ukwato. Usugue kwa msasa laini mpaka uache kung'aa. Mota iweke tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, mwanangu, siyo chapati. Na zile nyaya za vitufe zina ncha zilizoota kutu ya kijani. Zisafishe kwa spiriti, mnazo tele hapo kliniki.

Ukishamaliza, weka kiganja juu ya kitambaa cha spika. Niambie mtetemo unakwenda sawasawa au unakatika. Niandikie kila unachokiona, rangi, moshi, chochote. Usiruke kitu.

Goti piga chini zaidi, karibu na mguu wake. Baba alikuwa mfupi kuliko unavyomkumbuka.

Kaka yako

*

Nyumbani,
14 Aprili 1988

Kaka,

Taa moja ilikuwa giza, fundi redio wa sokoni amepata inayofanana nayo. Kikopo kimoja kilikuwa na tumbo la miezi tisa, kimebadilishwa. Mvumo umepungua. Kiganja nimeweka, mtetemo unakwenda sawa.

Ncha za nyaya nilikuwa sizifikii, nikaazima kile kijioo cha Daktari cha mpini mrefu anachotazamia magego. Nimemwacha Bibi Taa mdomo wazi, nikachovya pamba kwenye spiriti, nikamsafisha jino kwa jino. Nilijisikia nikimwambia, "Panua, panua kidogo, karibu tunamaliza." Ndani nimeokota njiti za meno, gololi yako ya bluu uliyonisingizia nimeimeza, na pete ya plastiki. Mama aliiangalia ile gololi mpaka nikaiweka kwenye droo.

Gurudumu nimelisugua. Mafuta ya cherehani sikupata, nimetumia mafuta ya mgando yale ya kupaka midomo ya wagonjwa. Sahani inazunguka. Imebaki sindano, ya zamani imevunjika.

Sasa nikujibu. Hasira bado sina, lakini nimechoka kungoja ije.

Novemba, baba alipotoka hospitali, nilitaka nikuandikie. Akakataa. Akasema habari ya mtu kwenda zake haiandikwi, husemwa. Daktari wangu akatupa simu ya kliniki, akatoka nje akafunga mlango. Nilikuwa pale, nimeshikilia kiti cha baba kisizunguke. Alikuambia kila kitu. Kwamba anaumwa, kwamba hakuna dawa, kwamba uje. Halafu nikaisikia sauti yako, kubwa mpaka kwangu: "Safi sana, baba! Nzuri sana hiyo! Haya, kazi njema!" Ukakata.

Baba alikishika kile kikono cha simu kitambo. Akaniambia, "Anasema safi."

Leo unaniuliza aliugua lini. Unasema mngeniambia.

Nimeyaandika yote hayo na mkono wangu umetulia tuli, tazama mwandiko. Sindano mpya inaingiaje?

Kasuku

*

Kiwandani,
26 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Barua imefika. Nimeisoma. Nimekwenda kazini, nikarudi, nikaisoma.

Sindano huchomolewa kwa mbele, usiivute kwa chini. Mpya iingize mpaka ikwame. Mkono unaoibeba uwe mwepesi. Ukiupuliza unapaswa kuinuka kidogo.

Nakuomba jambo moja. Niandikie maneno ya baba. Yote, kama alivyoyasema siku ile kwenye simu. Usifupishe.

Kaka yako

*

Nyumbani,
5 Mei 1988

Kaka,

Una uso mkavu wewe! Maneno ya baba ulipewa yakiwa ya moto, sikioni mwako, na aliyeyasema akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa ameshika moyo. Ukayatema. Sasa unataka nikuchemshie tena? Mimi ni Kasuku, ndiyo, lakini siyo kasuku wako.

Sindano imeingia. Jana nimemweka Mama kwenye kochi, nikabonyeza kile kitufe cha mwisho chini, ule wimbo baba aliokuwa akiupiga akipandisha viti juu ya meza kufunga mgahawa. Mkono wa mtambo ukaenda, ukaichukua santuri, ukailaza, kila kitu kama zamani. Mama akafumba macho.

Ikaimba kama mlevi. Maneno yanavutika, ngoma inasinzia, mwimbaji utadhani anakufa yeye. Mama alivumilia mpaka kati. Akasema, "Siyo huo," akainuka akaingia chumbani akafunga. Tangu hapo hata "ehe" sipati.

Fundi redio amekuja, ametazama ndani, amesema yeye ni wa redio. Kwa hiyo bado nakuhitaji, na hilo ndilo linaloniudhi. Seremala ameingiziwa simu, dirisha lake na letu yanaangaliana na waya unafika. Jumamosi ya tarehe 14 nitakupigia ofisini kwenu, karani apende asipende. Nitaweka simu mbele ya spika, usikie mwenyewe unavyovuta, uniambie ugonjwa.

Kasuku

*

Nyumbani,
15 Mei 1988

Kaka yangu,

Jana nilipiga. Sijui kama barua yangu ya mwisho ilikuwa imeshafika. Karani akaenda kukuita, akasema unakuja. Nikasikia kikono kinaokotwa. Nikasema, "Kaka, ni mimi, sikiliza," nikakipeleka kwenye spika na nikafungua sauti mpaka mwisho. Madirisha yalitetema. Seremala kwake aliziba masikio. Wimbo wa baba ukajivuta ubeti mzima.

Nikarudisha simu sikioni kwangu. Ukawa unasema polepole, kama mtu anayeongea na ukuta: "Kama ni Kasuku, tafadhali andika. Niandikie yale maneno."

Kama ni Kasuku! Nikapiga kelele, "Ni mimi! Kaka, ni mimi!" Nilipiga kelele mpaka Mama akatoka chumbani. Na wewe katikati ya kelele zangu ukasema tena, kwa upole uleule, "Kama ni Kasuku." Ukakata.

Kuna mzee mmoja huja kliniki kwetu, maisha yake yote amekuwa kwenye mashine ya kusaga unga. Daktari humuuliza, "Inauma wapi?" Hujibu, "Nzuri, nashukuru." Anaulizwa, "Nikung'oe hili?" Anajibu, "Nzuri sana." Sisi wauguzi tunakwenda nyuma ya pazia kucheka. Nimekaa kwenye kochi jana nimeshika simu ya watu, nikamkumbuka yule mzee.

Nikaenda kuzitoa barua zako. Rangi gani. Kuna moshi. Weka kiganja. Tazama. Nimekuandikia anavuma, hukuniuliza mvumo mnene au mwembamba. Baba alikuwa anaitengeneza mashine ile amefumba macho, ameweka sikio kwenye mbao, anatuambia tunyamaze. Na wewe umefundishwa naye. Katika barua zako zote hujaniuliza hata mara moja inasikikaje.

Kaka, unasikia?

Usinijibu kwanza. Maneno yenyewe haya hapa, nimeyakumbuka yote, maana kusahau sikuwezeshwa. Alisema:

"Bisibisi, mwanangu. Ni baba. Nipo kwa daktari wa meno, lakini siyo meno. Nimetoka hospitali, wamenitazama, wamesema gari bovu na spea hakuna. Usiogope, mimi sijaogopa sana. Mama yako nimemwambia. Mdogo wako amenishikilia kiti hapa, amekaza uso, unamjua. Sasa sikiliza. Huyu Bibi Taa amekataa kuimba, na mimi mikono imeisha nguvu, bisibisi inaniponyoka. Njoo. Usije kwa ajili ya ugonjwa, ugonjwa hauna cha kutazama. Njoo tumfungue pamoja. Wewe utafungua, mimi nitashika tochi. Sikudai chochote kwa miaka uliyokaa huko, mtu akifanya kazi anafanya kazi. Mimi nakutaka tu. Utakuja?"

Ndipo ukasema safi sana.

Na kuna kitu sikukuandikia Aprili kwa ubaya wangu. Baada ya kusema "anasema safi," aliniona ninavyokutukana kimoyomoyo. Akasema, "Mwache. Pale ofisini pana watu, mtoto anaona haya kulia mbele za watu. Kwa sauti ile nimejua atakuja." Akatoka pale amefurahi, Kaka. Akaninunulia karanga njiani. Tochi aliiweka betri mpya siku ileile, ipo juu ya Bibi Taa mpaka leo.

Unajua ganzi ikianza kutoka, watu hulalamika kuliko walipodungwa. Tunawaambia ni dalili njema, wanatutukana. Leo asubuhi, kwenye zamu ya Jumapili, nimelia nikiwa nachemsha vifaa, nikalia mpaka Daktari akanirudisha nyumbani. Mama amenipikia uji. Yeye mwenyewe, amewasha jiko mwenyewe. Nimemwambia. Ameuliza, "Sasa mwanangu huko nani humwamsha?"

Jibu hilo.

Mdogo wako

*

Kiwandani,
25 Mei 1988

Mdogo wangu,

Ndiyo. Sisikii. Nimeliandika neno hilo nikakaa nalitazama, sijawahi kuliandika.

Lilianza sikio la kushoto, nikawa nageuza kichwa kama kuku. Likafuata la kulia. Mtambo wa kuvunja mawe hunguruma kutwa. Siku moja nikaona kimya kimekuwa kizuri, nikadhani wameuzima. Nikatazama. Unasaga.

Sikumwambia mtu. Hapa kabla ya kulipua mwamba hupigwa king'ora, na asiyesikia king'ora hana kazi. Mimi nilikuwa natazama wenzangu. Wakikimbia, nakimbia. Asubuhi naamshwa na kitanda cha jirani, tumevifunga pamoja kwa waya, yeye anadhani ni kwa ajili ya wezi. Mwambie Mama hivyo.

Ninyi nyumbani sikuwaambia kwa sababu ya baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Nilikuwa nangoja nipate namna ya kumwambia, nikangoja.

Ile simu. Karani aliniambia "baba yako", hilo huwa nalisoma mdomoni. Kile kikono kina sauti kubwa, anayekaa mezani husikia kila kitu, kwa hiyo nilikuwa na desturi yangu. Nikiweka simu sikioni, namtazama karani usoni. Akikunja uso nasema pole. Akicheka nasema safi. Siku ile alikuwa anacheka. Alicheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikajua baba ana habari njema, pengine mgahawa umepakwa rangi, pengine umepata mchumba. Nikaifurahia. Nikasema safi sana kwa moyo wangu wote.

Barua yako ya Aprili ilipokuja nilikwenda kumuuliza. Nilimwandikia kwenye karatasi: siku ile ulikuwa unacheka nini? Hakukumbuka. Akafikiri sana, akaniandikia kwamba labda ni wale watoto wa mlinzi, walikuwa wanakuja dirishani kumfanyia sura.

Msibani sikuja kwa sababu msibani watu hukujia kwa nyuma, wanakupa pole, na unatakiwa ujibu.

Sasa maneno ya baba ninayo. Nimeyasoma mpaka nimeanza kuyaona yakitoka mdomoni kwake, na ile ya "gari bovu" anavyoisema akiwa ameshika kiuno. Sauti yake bado ninayo, nilidhani imeondoka na nyingine. Nimelia, mdogo wangu. Wenzangu bwenini walinijia wakawa wananisogezea midomo yao, nikawaambia wote ukweli, kisha nikaenda kwa msimamizi nikamwambia na yeye. Kanipa mkono, na siku hiyohiyo kanitoa kwenye mtambo. Kwa hiyo kazi haijabana tena.

Bibi Taa anavuta kwa sababu ya hayo mafuta yako ya midomo. Yameganda kwenye mota. Kasuku, nilisema cherehani! Usimguse. Nitaiosha mwenyewe. Sahani naweza kuitazama inavyozunguka, lakini ukweli wa wimbo siwezi kuujua. Wewe utashika tochi, na Mama atakaa kwenye kochi. Nitakuwa namtazama yeye usoni. Safari hii nitakuwa nimemtazama mtu wa kweli.

Nafika Jumamosi ya tarehe 11 Juni kwa basi la mchana. Njoo stendi, mimi kuulizauliza siwezi. Ukiniona usiniite, nitapita. Njoo kwa mbele, au unishike bega.

Bisibisi